Sarafu Ukingoni

Lifti ya jengo letu hula sarafu.
Huingii bure: tumbukiza tetri kumi kwenye kisanduku cha bati,
kitufe kiwake, kamba zikohoe,
ndipo ikupandishe, shingo upande, hadi ghorofa ya tisa.
Hapa Rustavi ndivyo ilivyo, wenyeji hawashangai.
Mimi nilishangaa.

Nilikuja Novemba na magodoro mawili,
mtungi wa achari ya kabichi, na mama mkwe asiyesema.
Mlima ulikuwa umetushukia kule Racha,
usiku mmoja, tope mpaka kwenye kenchi,
na serikali ikatupa ufunguo wenye nambari.
Ufunguo si nyumba. Hilo hakuna aliyeniambia.

Siku ya kwanza nilikuwa na noti,
na noti haiingii tunduni.
Nikautazama mlango wa lifti kama mbuzi atazamavyo ukuta.
Mama mkwe kaketi juu ya godoro, pale chini,
macho kafumba, kitambaa cheusi hadi kwenye nyusi.
Nikaanza kuhesabu ngazi. Nikaacha.

Ndipo nikaiona: juu ya kisanduku, ukingoni,
palipotuama vumbi la miaka,
sarafu moja. Safi.
Kitu kilichoanguka hakilali vile.

Nikaitumia kama mwizi.
Asubuhi nikarudisha nyingine palepale,
nikaondoka mbio nisionekane.
Jioni haipo. Kesho yake ipo tena, si ile yangu,
ina kovu pembeni kama imetafunwa.
Wiki tatu tukawa tunadaiana hivyo,
mimi na mtu nisiyemjua hata kikohozi chake.

Nikamvizia. Ndiyo, nilimvizia,
nimeinama ngazini, nafunga kiatu kisicho na kamba.
Akaja Anzori, mchomeleaji, mwenye mguu mbovu: akachukua.
Akaja Zumrud wa ghorofa ya tatu, mikono imejaa vitunguu:
akaweka kwa meno.
(Kumbe lile kovu.)
Akaja mtoto wa kina Shota, akatazama huku na huku,
akaichukua, akatoka nayo nje
hadi kwenye kibanda cha peremende.

Nilimshtaki kwa Nazibrola, muuza mbegu za alizeti.
Akatema ganda, akasema:
"Naye kapanda. Kila mtu na ghorofa yake."
"Na nani alianza jambo hili?"
Akanitazama kama niliyemuuliza nani kaanza mvua.
"Wewe," akasema, "ulianza lini?"

Sikuwa na jibu. Nikapewa mbegu, konzi nzima.

Hatusali mlango mmoja, hapa kwetu.
Anzori ana sanamu ya mtakatifu juu ya jiko lake la gesi,
Zumrud ana mwezi wake wa kufunga,
Nazibrola haamini kitu ila mizani yake,
na hata hiyo huipiga kofi kwanza.
Lakini ule ukingo wa bati
sijaona aliyeupita bila kuutupia jicho.

Februari lifti ilikufa, na kifua cha mama mkwe kikabana.
Wakamshusha kwa kiti cha jikoni.
Kila ghorofa mlango ulifunguka, mikono ikabadilishana,
mtu na soksi, mtu na povu la sabuni usoni.
Ghorofa ya nne, yeye ambaye tangu lile tope
hakuwa ametamka hata "maji,"
akafumbua mdomo:
"Jamani, mnanimwaga!"
Wakacheka hadi wakalazimika kumtua.
Akacheka naye, kwa pumzi alizokuwa hana.

Jana nimemkuta chini kijana na begi,
tikiti la basi bado mkononi, anakisoma kisanduku.
Mfukoni nilikuwa na moja tu.
Nikailaza ukingoni, nikajifanya natafuta barua,
nikashika ngazi.
Magoti yakanitukana njia nzima.
Nilipofika ya sita nikasikia, huko chini kabisa,
kamba zikikohoa.